ASKOFU EIVIND BERGGRAV WA NORWEI (1884–1959)
Kanisa Lililokataa Bila Kushika Silaha

Makanisa yaliyotokana na matengenezo ya Martin Luther yamebeba kwa muda mrefu lawama moja nzito, kwamba yanajua kutii kuliko yanavyojua kukataa. Husemwa kwamba Mlutheri akiisoma sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi huishia mstari wa kwanza, akafunga Biblia, akamwinamia kila aliyeketi katika kiti cha enzi. Lawama hiyo haikutungwa bure. Katika Ujerumani ya miaka ya 1930 viongozi wengi wa Kanisa walimpokea Adolf Hitler kama zawadi kutoka mbinguni, na waliothubutu kusimama walikuwa wachache. Lakini katika miaka iyo hiyo ya giza, upande wa kaskazini ng'ambo ya bahari, Kanisa la Kilutheri la nchi ndogo ya Norwei lilikataa karibu lote kwa pamoja, tena bila fimbo wala bunduki. Aliyeliongoza katika kukataa huko alikuwa Eivind Berggrav, Askofu wa Oslo.

Berggrav alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1884 katika mji wa Stavanger. Baba yake, Otto Jensen, alikuwa mchungaji aliyekuja kuwa Waziri wa mambo ya Kanisa kwa muda mfupi, na baadaye Askofu wa Hamar. Jambo la baba kuwa mtumishi wa madhabahu na waziri wa serikali lisimshangaze msomaji. Kwa zama hizo Kanisa la Norwei lilikuwa Kanisa la dola. Mfalme ndiye aliyewateua maaskofu, na mchungaji alikuwa mtumishi wa serikali kama hakimu au mkuu wa wilaya, akilipwa mshahara kutoka hazina. Ni vema jambo hili likumbukwe, kwa kuwa juu yake ndipo utakapokuja kusimama uamuzi mkubwa kuliko yote ya maisha yake.

Kijana Eivind alimaliza masomo ya theolojia mwaka 1908, lakini hakubarikiwa kuwa mchungaji. Moyo wake ulikuwa na mashaka, naye hakutaka kupanda mimbarini kutangaza asichokuwa na hakika nacho. Kwa zaidi ya miaka kumi alifanya kazi ya ualimu na uandishi, na tangu mwaka 1909 alikuwa mhariri wa jarida la Kanisa na utamaduni lililosomwa na watu wengi. Mwaka 1919 ndipo alipokubali kuwekewa mikono, akapelekwa katika usharika wa mashambani wa Hurdal. Pengine kuchelewa huko kulimfaa. Mtu aliyewahi kupigana na mashaka yake mwenyewe hatishwi upesi na kelele za wengine.

Kutoka mwaka 1925 hadi 1928 alikuwa mchungaji wa gereza kuu la Oslo. Aliketi na wezi na wauaji katika vyumba vyao, akawasikiliza, na baadaye akaandika kitabu juu ya nafsi ya mfungwa, akionyesha jinsi isivyo mbali na nafsi ya mtu aliye huru. Kisha akawekwa kuwa Askofu wa Hålogaland, dayosisi ya kaskazini kabisa, ambako jua halionekani kwa majuma mengi wakati wa baridi na askofu huwafikia Wakristo wake kwa mashua na kwa sleji juu ya theluji. Mwaka 1937 aliitwa kuwa Askofu wa Oslo, wa kwanza katika heshima miongoni mwa maaskofu saba wa nchi hiyo.

Vita ilipoanza Ulaya mwaka 1939, Berggrav alikuwa mtu wa mapatano. Katika majira ya baridi ya 1939 na 1940 alisafiri kwenda London na Berlin, akakutana na wakubwa wa pande zote mbili, akitumaini kwamba bado kuna mlango wa amani uliofunguka hata kwa ufa mdogo. Haukuwapo. Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Norwei. Mfalme Haakon VII alikataa kusalimu amri, akaondoka Oslo kuelekea kaskazini na hatimaye kwenda Uingereza. Jioni ya siku ile ya uvamizi Vidkun Quisling, kiongozi wa chama kidogo kilichowaiga Wanazi, alijitangaza redioni kuwa mkuu wa serikali.

Hapa ni lazima isemwe habari isiyompendeza kila mpenzi wa Berggrav. Katika siku zile za kwanza alizungumza redioni akiwasihi raia wasio askari wasijiingize katika mapigano wala katika hujuma. Nia yake ilikuwa kuokoa maisha ya watu, kwa kuwa adui alitishia kuwaua wakazi wa mahali popote palipotokea hujuma. Lakini mfalme na askari wake walikuwa bado wanapigana milimani, na wengi waliona kwamba Askofu amewavunja mikono. Lawama hiyo ilimfuata. Viongozi wa imani husimuliwa mara nyingi kana kwamba walizaliwa wakiwa tayari wamesimama wima. Berggrav alijifunza kusimama, na mafunzo yake yalianza kwa kujikwaa.

Mwaka huo huo macho yake yalifunguka. Mwezi Septemba gavana wa Kijerumani, Josef Terboven, alivipiga marufuku vyama vyote isipokuwa kile cha Quisling. Vijana wa mgambo wa chama hicho waliingia mashuleni na kuwapiga walimu na wanafunzi. Mwezi Desemba majaji wote wa mahakama ya juu kabisa walijiuzulu, kwa kuwa sheria ilikuwa imegeuzwa kuwa neno la mtawala. Kisha ikatoka amri iliyogusa kiini cha kazi ya uchungaji: polisi wangeweza kumlazimisha mchungaji kufunua siri alizoungamiwa. Sala ya kumwombea mfalme nayo ikakatazwa katika ibada zinazotangazwa redioni.

Kabla ya vita Kanisa la Norwei lilikuwa limegawanyika vibaya. Upande mmoja walikuwako wanatheolojia wa kisasa, ambao Berggrav alihesabiwa pamoja nao. Upande mwingine watu wa uamsho, wakiongozwa na Profesa Ole Hallesby, aliyejulikana kote kwa vitabu vyake vya maombi. Watu wa kambi hizo mbili hawakuwa wakisalimiana kwa furaha. Mwezi Oktoba 1940 Berggrav na Hallesby waliketi meza moja, wakaunda baraza la Wakristo la kushauriana pamoja. Waliomjua Hallesby walisema hilo peke yake lilikuwa muujiza. Mwanzoni mwa mwaka 1941 maaskofu wote saba waliiandikia wizara ya Kanisa wakiuliza swali moja kwa maneno mengi: je, serikali hii bado inashika sheria? Hawakupata jibu la maana. Basi wakawaandikia Wakristo waraka wa kichungaji, na ingawa polisi walikimbia huku na huko kuzikamata nakala, ulisomwa katika makanisa mengi mwezi Februari.

Swali lililowasumbua wachungaji wengi lilikuwa la dhamiri. Walikuwa wamefundishwa tangu Kipaimara kwamba mamlaka imewekwa na Mungu. Je, mchungaji wa Kilutheri anaweza kuikataa serikali na bado akawa Mlutheri? Mwaka 1941 Berggrav alitoa mhadhara uliopitishwa kwa siri mkono kwa mkono, juu ya Luther na wajibu wa kutotii. Alichukua mfano wa mwendesha gari la farasi aliyerukwa na akili. Msomaji aliyewahi kupanda basi ambalo dereva wake amelewa ataelewa mara moja. Abiria hawezi kuketi kimya akisema kwamba usukani si kazi yake. Berggrav alionyesha kwamba Luther, anayedhaniwa kuwa mwalimu wa utii usio na masharti, aliwafundisha watu kwamba mtawala anayetaka kutawala dhamiri amevuka mpaka wake. Ungamo la Augsburg nalo, ambalo kila mchungaji huahidi kulifuata siku ya kubarikiwa kwake, linamalizia kifungu chake cha 16 kwa kukumbusha neno la Matendo 5:29. Mamlaka anayoieleza Mtume Paulo ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Inapoikanyaga haki na kudai kuabudiwa, imejivua yenyewe vazi ililovikwa.

Kwa hiyo kukataa hakukuwa ruhusa tu, kulikuwa wajibu. Na wajibu huo ulikuwa na namna yake. Kanisa halikuitwa kuchukua upanga, kwa kuwa upanga haukukabidhiwa Kanisa. Liliitwa kusema wazi, kuondoa mkono wake katika kazi ya uovu, na kuwa tayari kulipa gharama.

Siku ya kulipa ilifika tarehe 1 Februari 1942. Siku hiyo Quisling alisimikwa kuwa mkuu wa serikali chini ya Wajerumani, na ikaamriwa kwamba katika kanisa kuu la Nidaros, mjini Trondheim, ifanyike ibada ya kumshangilia. Ni kanisa la kale na la heshima kubwa katika nchi hiyo. Mkuu wa kanisa hilo, Mchungaji Arne Fjellbu, aliondolewa katika ibada yake ya asubuhi, na mchungaji wa chama akapewa nafasi. Watu waliohudhuria walikuwa wachache. Fjellbu akatangaza kwamba ataendesha ibada saa nane mchana. Umati ukaja. Polisi waliposhtuka, kanisa lilikuwa limekwisha kujaa, wakawazuia waliobaki nje. Watu hao walisimama uwanjani katika baridi kali. Hawakurusha jiwe. Waliimba ule wimbo wa Luther ambao kila Mlutheri huuimba Siku ya Matengenezo, wakaendelea kuimba, kisha wakaenda nyumbani kwao kwa utulivu.

Fjellbu alifukuzwa kazi. Tarehe 24 Februari maaskofu wote saba wakajiuzulu.

Uzito wa hatua hiyo umo katika jinsi ilivyofanywa. Berggrav na wenzake walitofautisha mambo mawili ambayo kwa miaka mia nne yalikuwa yamefungwa pamoja: cheo alichopewa askofu na serikali, na wito aliopewa na Kristo kwa kuwekewa mikono. Cha kwanza walikirudisha kwa aliyekitoa, pamoja na mshahara na haki zake zote. Wito walibaki nao, kwa kuwa haukutoka kwa Quisling na Quisling hakuweza kuuchukua. Waliahidi kuendelea kulitunza kundi, kuhubiri Neno na kuliangalia Kanisa kama maaskofu wasio na serikali nyuma yao. Mtawala alitegemea kwamba mtu aliyenyang'anywa ofisi amekwisha. Hakujua afanye nini na watu walioziacha ofisi wenyewe na kuendelea na kazi.

Wakati huo walimu nao walikuwa katika vita yao. Sheria ya tarehe 5 Februari 1942 iliwataka wajiunge na chama kipya cha walimu cha kuwafundisha watoto itikadi ya Quisling, na vijana wote walazimishwe kuingia katika jeshi la vijana la chama. Maaskofu walipinga tarehe 14 Februari, wakisema kwamba mtoto aliyebatizwa amekabidhiwa kwa wazazi wake na kwa Kanisa. Walimu wapatao 12,000 kati ya 14,000 waliandika barua za kukataa, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe. Wazazi nao wakaifurikisha wizara kwa barua. Mwezi Machi walimu wapatao 1,100 walikamatwa, na karibu 500 kati yao walipakiwa melini na kupelekwa Kirkenes, mbali kaskazini, kufanya kazi ngumu bandarini. Wengi hawakukubali kutia sahihi. Kabla mwaka haujaisha Quisling alilazimika kuwaachia, na chama chake cha walimu hakikusimama kamwe.

Siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1942, wachungaji walipanda mimbarini nchini kote na kusoma tamko lenye jina Msingi wa Kanisa. Kwa sehemu kubwa lilikuwa kazi ya kalamu ya Berggrav. Lilisema juu ya uhuru wa Neno la Mungu, juu ya wito wa kichungaji, juu ya haki ya wazazi kuwalea watoto wao, na juu ya mipaka ya serikali. Baada ya kulisoma, kila mchungaji alitangaza kwamba anaacha utumishi wa serikali. Kati ya wachungaji 699 wa Kanisa hilo, 645 walijiuzulu. Wengi wao walikuwa na wake na watoto, na nyumba walizokaa zilikuwa mali ya serikali.

Wakati huo Berggrav alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake. Imesimuliwa kwamba Quisling alimwita, akamfokea kwa hasira kwamba anastahili kukatwa kichwa, naye Askofu akajibu kwa upole kwamba, basi, yuko hapa. Katika juma lile la Pasaka alipelekwa gereza la Bredtveit. Aliyekuwa mchungaji wa wafungwa sasa alikuwa mfungwa. Quisling alikusudia kumshitaki na kumwua, lakini wakubwa wa Berlin waliogopa kumfanya shahidi. Katika siku hizo hizo walifika Norwei Wajerumani wawili waliotumwa na idara ya ujasusi wa kijeshi, ambao kwa siri walikuwa wapinzani wa Hitler: mwanasheria Helmuth von Moltke na Mchungaji Dietrich Bonhoeffer. Kwa wakubwa wao walionya kwamba kumwua Askofu kutaleta machafuko. Kwa watu wa Kanisa walisema wasilegee. Wote wawili waliuawa na Wanazi mwaka 1945.

Tarehe 16 Aprili Berggrav alihamishiwa katika nyumba yake ndogo ya mbao msituni Asker, nje ya Oslo, akalindwa huko na polisi kwa miaka mitatu bila ruhusa ya kupokea wageni. Alisoma, akaandika, na baadhi ya walinzi wake wakageuka kuwa rafiki zake. Kwa msaada wao sauti yake iliendelea kuwafikia waliomhitaji.

Nje ya msitu ule Kanisa liliongozwa kwa siri, kwanza na Hallesby, hadi naye alipotiwa gerezani mwaka 1943. Wachungaji waliopoteza mshahara walilishwa kwa sadaka za Wakristo wao. Wengine walifukuzwa katika sharika zao na kupelekwa visiwani. Serikali iliteua maaskofu na wachungaji wapya, nao wakahubiri mbele ya viti vitupu, huku watu wakijaa mahali alipohubiri mchungaji aliyejiuzulu. Wazee wa sharika za Tanganyika zilizoanzishwa na misioni za Ujerumani wangeielewa hali hiyo bila kufasiriwa. Tangu vita ilipoanza wamisionari wao walikuwa wamekamatwa na kuondolewa, fedha za kutoka ng'ambo zimekatika, na Kanisa limebaki mikononi mwa wainjilisti, wachungaji wachache wenyeji na vikapu vya sadaka.

Lipo doa ambalo halifai kufichwa. Wayahudi wa Norwei walipoanza kukamatwa mwaka 1942, viongozi wa Kanisa walimwandikia Quisling mwezi Novemba barua ya kupinga, wazi na yenye ujasiri, nayo ikasomwa makanisani. Lakini tarehe 26 mwezi huo huo meli Donau iliondoka Oslo ikiwa na Wayahudi zaidi ya 500, na karibu wote waliangamia Auschwitz. Waraka wa kichungaji haukuisimamisha meli. Waliookoka, wengi wao waliokolewa na watu wa kawaida waliowaficha na kuwavusha usiku hadi Uswidi. Kukataa bila silaha kuliwazuia watesi kuiteka shule na mimbari, kwa kuwa shule haiendi bila mwalimu na mimbari haisemi bila mhubiri. Mtesi aliyekwisha kuacha kuhitaji ridhaa ya mtu yeyote alihitaji kukabiliwa mapema zaidi, na hata marafiki wa Kanisa la Norwei wamekiri kwamba barua ile ilichelewa. Tena nchi hiyo ilikuwa pia na wapiganaji wake wa siri wenye silaha, na utawala wa Kijerumani ulikoma Mei 1945 kwa kushindwa kwa Ujerumani vitani. Berggrav hakuwahi kudai kwamba nyimbo za Trondheim peke yake zilimwangusha Hitler.

Mwezi Aprili 1945 alitoroka kutoka Asker kwa msaada wa rafiki zake, na majuma machache baadaye alirudi mbele ya Wakristo wake. Quisling alihukumiwa kifo na kuuawa mwezi Oktoba mwaka huo. Kanisa likarudi kuwa Kanisa la dola kama zamani, jambo lililowasikitisha baadhi ya wale waliokuwa wameonja uhuru wa sadaka zao wenyewe. Kifungo hicho hakikulegezwa kabisa hadi mwaka 2017, wachungaji walipoacha kuwa watumishi wa serikali.

Berggrav alitumia nguvu zake zilizobaki kuwapatanisha Wakristo wa mataifa yaliyokuwa yamepigana. Alikuwa rais wa kwanza wa Muungano wa Vyama vya Biblia ulioundwa mwaka 1946, muungano ambao Chama cha Biblia cha Tanzania nacho kimo ndani yake. Alikuwa pia mmoja wa marais wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Mwaka 1952, katika mkutano wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani huko Hannover, alizungumza tena juu ya Kanisa na dola. Wengi walitazamia awasimulie habari za Quisling. Badala yake alionya kwamba hata serikali njema, inayowapa watu mkate, shule na hospitali, inaweza kuanza kutaka kuwa kila kitu kwa kila mtu, na kwamba Kanisa halipaswi kusinzia kwa sababu mtawala wa sasa ni mpole. Baadhi ya wasikilizaji hawakupendezwa.

Afya yake ilikuwa imedhoofika, naye alikuwa amestaafu uaskofu mwaka 1951. Alifariki dunia Oslo tarehe 14 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 74. Lile jarida alilolipokea mwaka 1909, alipokuwa kijana mwenye mashaka aliyeogopa kubarikiwa, alikuwa bado ndiye mhariri wake.